Tumkumbuke Mama Mkubwa wa Vingunguti, mhudumu wa kujitolea aliyerudi wengine walipokwisha kuondoka

Mleta uzi

Ndugu wanajamvi, nawasalimu nyote, wakubwa kwa wadogo.

Arobaini ya Mama Mkubwa wetu imesomwa Jumapili iliyopita huku Vingunguti, na tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta mahali pa kuyaweka maneno ambayo sikupata nafasi ya kuyasema msibani, kwa kuwa msibani niliingia jikoni pamoja na wanawake wenzangu na sikutoka huko mpaka tanga lilipoondolewa. Jina lake silitaji, kwa sababu wanawe wameniomba hivyo, na waliomfahamu watamtambua kabla hawajaimaliza aya hii. Alikuwa akichoma na kuuza vitumbua asubuhi, na vitumbua vikiisha alijifunga kanga, akachukua mkoba wake na kuanza kuzunguka kwa wagonjwa, kazi aliyoifanya kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano bila kuajiriwa na mtu yeyote.

Watu wengi msibani waliisifu huruma yake. Sikatai, lakini naona sifa hiyo haimtoshi, maana mji huu haukupungukiwa na watu wenye huruma. Mtu akiugua au nyumba ikiungua, siku ya kwanza uwanja hujaa, daftari la michango hupitishwa, na hata jirani mliyenuniana naye huja na ndoo ya maji. Mama Mkubwa alikuwa mtu wa siku ya pili, na ya tisa, na mwezi wa nne, wakati ambapo hata wenye nyumba wamemchoka mgonjwa wao na wanaona aibu kulisema. Akiondoka kwa mgonjwa hakuwa na maneno mengi ya faraja. Alisema, "Nitapita kesho," na kesho yake alipita.

Mimi nilimjua kupitia mama yangu mdogo, mwaka 1998. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Mama mdogo alirudishwa nyumbani kutoka kwa mumewe akiwa amekonda, akawekwa chumba cha uani, na sisi watoto tukaambiwa tusiingie. Wenye umri wangu na kuzidi wanaikumbuka miaka ile. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walikuwa wamegunduliwa Kagera mwaka 1983, na kufikia wakati huo hapakuwa na mtaa wa Dar es Salaam ambao haukuwa umezika kijana, lakini neno lenyewe halikutamkwa. Ilisemwa "homa ya muda mrefu", au "amerogwa", au watu walinyamaza. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na Serikali mwaka 2004, na mama mdogo hakuufikia mwaka huo.

Ndugu walikuja kwa wingi wiki ya kwanza, na baada ya mwezi sahani yake ikawa inasukumwa kwa mlango ulioachwa wazi kidogo. Ndipo Mama Mkubwa alipoingia. Hakuwa na glavu, kwa hiyo alivaa mifuko ya rambo mikononi, akaifunga kwenye viganja kwa uzi wa kushonea, na akamwogesha mama mdogo kuanzia usoni kwenda chini huku akizungumza naye habari za bei ya mchele. Nilichungulia kupitia tundu la dirisha. Nakumbuka alivyomlaza ubavu, akampigapiga mgongo kwa upole, na akamwonyesha bibi yangu sehemu zilizoanza kuwa nyekundu nyongani na kwenye visigino, akamweleza kwamba mgonjwa asipogeuzwa kila baada ya saa mbili ngozi hiyo itaoza, na kwamba kidonda cha kulala huua sawasawa na ugonjwa wenyewe. Bibi akalia. Mama Mkubwa alimwacha alie mpaka akanyamaza, kisha akamwambia, "Sasa shika huku, tumgeuze wote."

Kutoka siku hiyo bibi aliingia mle chumbani, na baadaye mama yangu, na mwisho sisi watoto tukaruhusiwa kumsomea mama mdogo magazeti. Aliishi miezi saba zaidi. Alikufa akiwa safi, akiwa na watu wanne chumbani, na naamini kwamba Mama Mkubwa alituuguza na sisi tusiokuwa wagonjwa, kwa sababu familia yetu ingebaki na aibu ya kumtupa ndugu yake hadi leo.

Nitaendelea kesho kuhusu mafuriko. Kama kuna waliomfahamu, naomba muongeze ya kwenu.

Mchangiaji, Tabata

Dada mleta uzi, poleni sana. Mimi nilimfahamu mwaka 2013, nilipogundulika kuwa na kifua kikuu baada ya kupimwa makohozi. Nilipewa matibabu ya miezi sita, na nikatakiwa kuwa na mtu wa kunisimamia ninapomeza dawa. Nilikuwa napanga chumba peke yangu na sikuwa na ndugu karibu, nikamtaja yeye kwa sababu ndiye mtu pekee niliyekuwa nikimwona kila asubuhi, nikinunua vitumbua vyake.

Siku ya pili ya dawa nilikojoa mkojo mwekundu. Niliamini kwamba dawa imenipasua ndani, na nikaamua moyoni kuwa sitazimeza tena. Asubuhi ile sikupita kwake. Kabla ya saa mbili alikuwa mlangoni kwangu, akaniuliza bila kuzunguka kama nimeona mkojo mwekundu, akanieleza kwamba moja ya dawa zile ina rangi, kwamba hata machozi na jasho vinaweza kubadilika rangi, na kwamba mkojo mwekundu ni ushahidi kuwa dawa imeingia mwilini. Hakuna aliyekuwa ameniambia hivyo nilipokabidhiwa vidonge. Labda niliambiwa na sikusikia, maana siku hiyo nilikuwa nimeshikwa na hofu.

Mwezi wa tatu nikapata nafuu, uzito ukarudi, nikaacha dawa kama wanavyoacha wengi. Alinifuata gereji nilikokuwa nikifanya kazi. Fundi mkuu na vijana wote walikuwa pale, na mimi nilijua kwamba akitamka neno "TB" nitafukuzwa siku hiyohiyo. Akanikabidhi kifurushi cha gazeti na kusema, "Mwanangu, ulisahau vitumbua vyako." Ndani mlikuwa na vitumbua viwili na vidonge vya siku ile. Akasimama pembeni akiongea na fundi habari za mvua mpaka aliponiona nimemeza. Alifanya hivyo siku nne mfululizo, hadi mimi mwenyewe nikaona haya nikarudi kwenye kibanda chake. Nilimaliza dozi na nikapona. Baadaye nilikutana na mtu aliyeacha dawa katikati, akapata kifua kikuu sugu, na niliyoyaona kwake siwezi kuyaandika hapa.

Mchangiaji, Buguruni

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi nilikuwa mhudumu mwenzake wakati wa kipindupindu cha mwaka 2015, kile kilichoanza hapa Dar es Salaam mwezi Agosti kikasambaa mikoani, na nchi ilikuwa kwenye kampeni za uchaguzi mkuu. Tulipita nyumba kwa nyumba na dawa ya kutibu maji na vipeperushi.

Nataka kusema jambo moja tu kuhusu namna alivyofundisha. Sisi wengine tulifika, tukasoma kipeperushi, tukaondoka. Yeye aliomba aletewe kijiko cha nyumba ile, sukari ya nyumba ile na chupa ya nyumba ile. Vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya msawazo, katika lita moja ya maji safi. Sasa, chupa nyingi za maji zinazobaki majumbani ni za lita moja na nusu, na watu huzijaza mpaka shingoni wakidhani ni lita. Mama Mkubwa alibeba kikopo cha lita moja na msumari mkobani. Alipima maji kwa kikopo, akayamimina kwenye chupa, akakwaruza alama kwa msumari mahali maji yalipofika, na akamwambia mama wa nyumba asipite hapo wala asipunguze, kwa sababu maji yakizidi mchanganyiko haumsaidii mgonjwa na chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Baada ya siku tatu alirudi kuangalia kama chupa bado ipo. Palipokuwa na chupa mpya, aliikwaruza nayo.

Mpaka leo nikiona chupa yenye mkwaruzo kwenye nyumba ya mtu, nafahamu kwamba alipita.

Mchangiaji, Mbezi

Mleta mada, poleni kwa msiba. Naomba kuuliza kwa heshima, na nisieleweke vibaya. Mama huyu alifanya kazi ya muuguzi kwa robo karne bila mshahara. Je, tunapomsifu namna hii hatuhalalishi watu kutumikishwa bure? Kwa nini mtu kama huyu afe bila hata bima ya afya?

Mleta uzi

Kaka wa Mbezi, umeuliza swali ambalo wengi tulilikwepa, na sina namna ya kulijibu isipokuwa kwa ukweli. Hakutumikishwa na mtu kwa nguvu, lakini ni kweli kwamba tulimtegemea bila kumpa chochote. Kulikuwa na mradi mmoja uliowapa yeye na wenzake mafunzo ya kuhudumia wagonjwa majumbani, fulana, mwavuli, mkoba wenye pamba na glavu, na nauli kidogo kila mwezi. Mradi ulipofika mwisho wake waliitwa kwenye kikao, wakapewa soda na cheti, na nauli ikakoma. Wagonjwa hawakukoma. Baadhi ya wenzake waliacha, na siwalaumu hata kidogo, kwa kuwa mtu mwenye watoto hawezi kutembea kutwa nzima na njaa. Yeye aliendelea kwa sababu alikuwa na vitumbua, na kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa amewaambia watu kwamba atapita kesho.

Mwezi Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao umelenga kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 nchi nzima, wenye mafunzo na posho. Alifurahi sana aliposikia. Yeye umri ulikuwa umempita, lakini alimshawishi binti mmoja wa mtaa wetu aombe nafasi, akamsaidia kutafuta barua ya serikali ya mtaa. Kwa hiyo, kaka, nakubaliana nawe kwamba kazi hii ilipwe, na tena ilipwe vizuri. Ninachoomba ni kwamba watakaolipwa wafundishwe pia jambo alilolijua yeye: mgonjwa anayetembelewa mara moja kwa ajili ya kujaza fomu hubaki na upweke mkubwa zaidi kuliko aliokuwa nao kabla ya kutembelewa.

Sasa kuhusu mafuriko. Ilikuwa Desemba 20, 2011, siku chache baada ya taifa kusherehekea miaka 50 ya Uhuru. Mvua ilinyesha tangu usiku, na Mto Msimbazi, ambao kwa kawaida kwetu ni mfereji wenye maji machafu unaovukwa kwa mawe, uliingia majumbani kabla watu hawajapata kuvaa viatu. Zaidi ya watu arobaini walipoteza maisha katika jiji. Wa kwetu waliokolewa na vijana waliofunga kamba kwenye mwembe, na waliookolewa wakapelekwa kulala kwenye madarasa ya shule ya msingi.

Siku ya kwanza shule ilifurika misaada. Kulikuwa na nguo nyingi kiasi cha kukanyagwa, mikate, maji, wanasiasa na kamera. Nilikuwepo, na nilileta blanketi mbili nikajiona nimetimiza wajibu. Baada ya Krismasi, misaada ikapungua, na shule zilitakiwa kufunguliwa Januari. Familia kadhaa za bondeni zikapewa viwanja Mabwepande, kule nje ya mji, na malori yakawachukua. Sisi tuliobaki tulisema, "Afadhali, wamepata pa kukaa." Mama Mkubwa aliuliza nani miongoni mwao alikuwa kwenye dawa.

Alikuwa na majina saba kichwani mwake. Watu waliokuwa wakichukua dawa zao hapa karibu, wakapelekwa umbali wa saa mbili au tatu kwa daladala, vyeti vyao vikiwa vimechukuliwa na maji. Mtu aliyepoteza kadi yake ya kliniki huona aibu kujieleza upya mbele ya dirisha la wageni, hasa kwa ugonjwa ule, na wengi wao wangeacha tu. Alipanda daladala tatu hadi kule, akiwa na vitumbua vya safari kwenye ndoo yenye mfuniko, akawatafuta mahema kwa mahema, akarudi na majina na tarehe, akaenda kliniki kuwaombea barua za uhamisho, kisha akarudi tena Mabwepande kuwapelekea. Alikwenda mara sita kwa hesabu yangu mwenyewe. Mara ya nne nilimsindikiza. Njia ilikuwa ya vumbi, jua lilikuwa kali, na goti lake lilikuwa limeanza kumsumbua, kwa hiyo tulisimama kila baada ya hatua mia moja hivi. Nilimwambia apumzike, wengine wangekuja. Akanijibu, "Wengine walikuja, mwanangu. Sasa ni sisi."

Mchangiaji, Tabata

Dada, umetuambia mengi kuhusu maisha yake. Kama si vibaya, alifarikije?

Mleta uzi

Si vibaya, kaka yangu. Nilitaka kuliacha, lakini nadhani uzi huu hautakuwa mkweli nikiliacha.

Mwaka jana aligundulika kuwa na shinikizo la damu. Aliambiwa ni dawa za kila siku, za maisha. Mtaa mzima ulikuja kumpa pole. Tulileta machungwa, juisi na sukari, ambayo hata haikumfaa, tukakaa kwenye mkeka wake tukimkumbusha jinsi alivyotuuguza, na alicheka sana siku hiyo. Mimi nilimwambia, "Mama, nitapita kesho." Nilisema kwa sababu ndiyo maneno yake, na ilionekana kwangu kuwa ni namna nzuri ya kumuaga.

Sikupita kesho yake. Nilipita wiki ya tatu, kisha nikapita kwenye kibanda asubuhi kununua vitumbua kama mteja, nikamwona amesimama, nikahesabu kuwa ni mzima. Shinikizo la damu ni ugonjwa wa namna hiyo. Mtu husimama, huuza, hutembea, na huku mishipa inaumia. Baada ya kifo chake binti yake alikuta pakiti ya dawa ikiwa tupu, na tarehe ya kliniki iliyopita kwa wiki tano. Mwezi uliotangulia alikuwa amekaa kwenye benchi la zahanati moja kutoka asubuhi hadi saa tisa, akaambiwa dawa zimekwisha, akanunue duka la dawa. Alinunua za siku kumi. Siku ya kwenda kununua nyingine alikuwa na mgonjwa wa kugeuza. Alishikwa na kiharusi alfajiri, akiwa anachanganya mchele uliosagwa na tui kwenye beseni, na alikaa hospitali siku tano.

Miongoni mwetu sote aliotusimamia kumeza dawa, hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama yeye amemeza zake. Nimelisema hili mbele ya wanawe, na nalisema hapa. Wanawe wamenisamehe. Binti yake alinishika mkono akasema kwamba mama yao asingependa nilibebe hili peke yangu, na nimejitahidi kumsikiliza.

Mchangiaji, Buguruni

Dada yangu, usijilaumu peke yako, maana hata mimi nilipita na machungwa. Je, wagonjwa wake sasa wako na nani?

Mleta uzi

Siku ya tatu ya msiba, wanaume wakiwa wanakunja turubai, alikuja kijana mmoja tusiyemjua, akasimama pembeni muda mrefu, kisha akauliza nani atakuja Alhamisi kumgeuza baba yake. Baada yake akaja mwanamke aliyekuwa akifuliwa na Mama Mkubwa bandeji za mama yake mwenye kidonda cha kisukari. Kufikia magharibi tulikuwa tumehesabu nyumba tisa. Hata wanawe hawakujua kuwa zilikuwa tisa.

Tumejigawa. Yule binti aliyepata mafunzo ya uhudumu anatuongoza na ametuonyesha namna ya kusafisha vidonda. Fundi mmoja wa Tabata, ambaye ameandika kwenye uzi huu, amechukua nyumba mbili zilizo karibu na reli. Wanawake wa jikoni tuliokuwa msibani tumechukua sita. Na imamu wa msikiti wetu amechukua moja ya mzee asiyetaka kuhudumiwa na mwanamke. Kila Ijumaa tunaulizana, kwa mtu mmojammoja, nani amekwenda na nani hakwenda, na pia nani kati yetu ana dawa zake mwenyewe za kumeza.

Dada wa Buguruni, kama una nafasi, Jumatano tunapungukiwa na mtu mmoja. Ni kwa bibi mmoja bondeni, karibu na daraja la miguu. Haoni vizuri, kwa hiyo ukifika sema jina lako kwanza kabla ya kubisha hodi ya pili, na uji wake usiwe mzito. Chupa yake ya maji iko juu ya kabati, ina mkwaruzo wa msumari.